Bakuli la Ntawe

Siku hiyo bibi aliitika, na hakuna aliyemwita.

Ilikuwa saa mbili asubuhi, mwaka 2011, jua limeshapanda juu ya vilima vya Nakivale, kambi ya wakimbizi huko Uganda, na watu wako mashambani. Bibi Mukakalisa alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage. Ghafla akainua kichwa, akatazama shamba la mahindi nyuma ya choo, akasema kwa sauti nyororo kama ya msichana: "Karame!"

Asiyelijua neno hilo aelezwe. Kwa Wanyamulenge, watu wa milima ya Kivu Kusini, mtoto akiitwa na mkubwa hasemi "nini?" Anasema karame, yaani uishi maisha marefu. Ni itiko na dua kwa mpigo mmoja, na mtoto hufundishwa kabla hajajua kujivalisha. Sasa Mukakalisa alikuwa na miaka sabini na ushee. Mumewe alizikwa huko milimani, wakubwa wake wote walizikwa huko, na katika kijiji kile cha wakimbizi hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye haki ya kumwita kwa jina akaitikiwa hivyo.

"Mama, nani alikuita?" aliuliza Uwamahoro, mke wa mwanawe, aliyekuwa anatoka nyuma ya nyumba akifuta midomo.

Bibi hakujibu. Hakujibu siku hiyo wala siku ya pili. Alikula akilishwa, alilala akilazwa, lakini sauti yake ilikuwa imekwenda, na macho yake hayakubanduka kwenye mahindi. Wengine watasema ni uzee. Waseme. Uzee hauleti harufu, na nyumbani pale tangu asubuhi ile palinuka moshi wa kibuyu cha maziwa, ule moshi mtamu wa majani wanaofukizia vibuyu kule kwao. Kibuyu chao cha mwisho walikiacha walipokimbia mwaka 2004. Hapa Nakivale maziwa ya ng'ombe wao wawili waliyatia kwenye chupa za plastiki kama watu wote.

Nehemiya, mwana wa bibi na mwenye nyumba, alikuwa mtu wa sala na wa maneno machache. Alimtazama mama yake, akamtazama mkewe, akaanza kuhesabu mambo. Kwa nini Uwamahoro alikuwa nyuma ya nyumba saa ile ile? Kwa nini kila siku, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, anakwenda huko peke yake, akirudi anafuta midomo? Kwa nini kila mwezi anakwenda mjini Mbarara kununua nyuzi za kushonea, na nyuzi zenyewe zinakuja mbili? Tena kulikuwa na kucha zake. Zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi, mistari mistari, kama za mtu aliyechimba kaburi kwa mikono.

Majirani nao walikuwa na macho. Kambi ni kijiji cha kuta nyembamba, ukikohoa huku unapewa pole kule. Wakaanza kusema kwamba mke wa Nehemiya analisha kitu, kwamba amefuga pepo.

Uwamahoro alijua wanasema nini. Akajifunga kitenge, akakaza mdomo, akaendelea kwenda nyuma ya nyumba.

Siku ya tisa Kalisa, kifungua mimba wao wa miaka kumi na minne, alikuwa anapiga fito za zizi la ndama. Mama yake alikuwa uani anaosha sufuria, na bibi alikuwa mlangoni, mahali pake pa siku zote. Ikawa saa mbili. Kutoka ndani ya mahindi ikaja sauti.

"Kalisa!"

Ilikuwa sauti ya bibi. Ilikuwa ile ile, na mkwaruzo wake wa tumbaku, na ule upole wa mwisho wa neno. Uwamahoro akageuka kumtazama bibi mlangoni akaona midomo yake imefungwa, imekauka, na chozi moja linamtoka. Kabla hajapata kusema neno, kijana alikuwa ameshaangusha nyundo. Siku tisa alikuwa amelala akimlilia bibi yake, na sasa bibi anaongea.

"Karame!" aliitika kwa furaha, akakimbilia mahindini.

Walimkuta amesimama katikati ya shamba, mikono imelegea. Hakuumwa mahali. Hakusema tena.

Pasta Gervais wa kanisa lao akaja na wanakwaya. Walikesha siku tatu wakiimba, na kweli, walipoimba kulikuwa kimya, hata ile harufu ikapungua. Walipokwenda kunywa chai ikarudi. Siku ya tatu pasta alimvuta Nehemiya pembeni, lakini hakumvuta mbali vya kutosha, kwa maana Uwamahoro alisikia kila neno.

"Papa Kalisa, pepo haiingiake bure mu nyumba. Inafunguliwaka mulango. Tafuta nani anaifungulia."

"Mi naona kama najua, Pasta."

Jioni ile, saa mbili ilipokaribia, Nehemiya alimfuata mkewe nyuma ya nyumba. Alimkuta amechutama karibu na kopo la maziwa ya unga alilolifukia nusu, kiganja wazi, na kidonge katikati ya kiganja.

"Mama Kalisa, unalisha nini?"

Aliuliza kwa kunong'ona, maana alikuwa anaogopa. Mtu mzima, aliyewahi kufukuza chui kwa fimbo, alikuwa anamwogopa mkewe. Uwamahoro aliiona hofu ile na ikamuuma kuliko tusi.

"Najilisha mwenyewe," alisema. "Ni dawa. Ya sida, ya ukimwi."

Kisha akasema yote kwa pumzi moja, kabla moyo haujamgeuka. Kwamba njiani walipokimbia, siku mbili zile walizopotezana, wale wenye bunduki walimfanyia walilomfanyia. Kwamba alipimwa alipokuwa na mimba ya mwisho. Kwamba huko Mbarara walimpa dawa hii, na mtoto akazaliwa safi, hana kitu, na mtoto huyo ni Gisa. Alikwenda mbali ili asionekane kwenye foleni ya kambi. Nyuzi zilikuwa uongo.

Nehemiya alikaa chini kwenye majani. Akalifukua lile kopo kwa vidole.

"Tangu Gisa?" aliuliza. "Miaka tano unabeba hii kitu peke yako?"

"Ningekuambia, ungenifukuza."

"Sijui," alisema Nehemiya, naye alikuwa mkweli. Akachukua kikombe cha maji, akampa. "Kunywa. Saa inapita."

Baadaye naye alipimwa, akakutwa hana. Lakini usidhani mashaka yaliisha siku ile. Alimwamini kuhusu vidonge. Kuhusu sauti, bado alilala akimpa uso, si mgongo, kama mtu anayemchunga.

Kesho ya siku ile ya kopo ilikuwa zamu ya kwenda Mbarara, na safari hii alikwenda bila uongo. Kabla ya kuondoka aliwakalisha chini Uwera wa miaka kumi na Gisa wa miaka mitano. "Muntu akikuita mu mahindi, hata kama ni sauti ya nani, usiitike. Unasikia? Usiitike."

Kliniki yake ilikuwa mtaa wa Ruti, huko Mbarara, nyumba ndogo iliyoshikana na maabara ya utafiti. Huko kulikuwa na Goretti, Mnyankore mnene mwenye kicheko, ambaye asubuhi aliwatoa wagonjwa damu ya kupima na mchana akahudumia chupa zake za maabara. Uwamahoro siku ile alimnyooshea kucha.

"Hizi zinakuwa nyeusi juu ya nini? Bantu banasema mi ni mulozi."

"Bambi, pole! Hapana, nyabo. Hiyo ni dawa. Kuja, nakuonyesha." Akampeleka dirishani mwa maabara, ambako chupa bapa zilipangwa na ndani yake maji ya rangi ya waridi. "Sisi hapa tunafuga seli."

Uwamahoro akarudi nyuma hatua moja. Seli aliyoijua yeye ilikuwa ya polisi Kaberebere, mji mdogo wa njiani, ambako Nehemiya alilala mara moja kwa kosa la ng'ombe aliyeingia shamba la watu.

"Munafunga bantu mu chupa?"

Goretti alicheka mpaka akashika ukuta. "Seli ya mwili, nyabo! Kama tofali. Wewe yote ni seli, mimi yote ni seli." Ukutani palikuwa na picha nne. Akaweka kidole kwenye ya kwanza. "Hii seli peke yake, iko sawa. Hii ya pili, kirusi ameingia, ona imeharibika. Sasa sikia. Kirusi akiingia, anatunga watoto yake kama shanga kwa kamba. Moja, ingine, ingine, na mpango yake haibadiliki. Sisi tunaweka shanga ya uongo. Inafanana kabisa na ile ya kweli. Anashika, anatunga. Lakini hii tundu yake iko upande moja tu! Ya kufuata inakosa pahali ya kushika. Kazi yake inakufa hapo." Kidole kikaenda picha ya tatu. "Ona, seli imebaki salama."

"Na yeye haijuake kama ni ya uongo?"

"Leo hajui. Lakini ukiruka siku, anapata nafasi. Anajifunza. Siku moja anaitoa hiyo shanga, anaendelea kutunga. Ndiyo mimi nakusumbua na saa mbili, saa mbili."

"Na hii ya ine?" Picha ya mwisho ilikuwa na seli chache, zimekonda, zimekaa mbalimbali.

Goretti aliacha kucheka. "Hapo tuliweka dawa mingi sana. Kirusi alishindwa, sawa. Lakini seli nayo wakati ingine inakosea. Inashika shanga ya uongo, inafikiri ni yake."

Uwamahoro alipofika Nakivale jioni, watu walikuwa wamejaa uani kwake.

Ile sauti ya mahindini ilikuwa imemwita Uwera, safari hii kwa sauti ya Kalisa. Mtoto alikuwa ameziba masikio kwa vidole tangu mama yake alipoondoka, maskini, mpaka wenzake wakamcheka. Lakini saa mbili, alipotoka bombani, mikono yote miwili ilikuwa imeshika dumu la maji. Akaitwa, na adabu ikatangulia akili. Alitamka karame, dumu likaanguka, na neno lile likawa la mwisho kutoka kinywani mwake.

Uwamahoro alilia kwa sauti mpaka akapaliwa. Nehemiya hakulia. Alimshika Gisa mapajani tangu hapo hadi giza lilipoingia, na mtoto alipotaka kwenda kukojoa alikwenda naye.

Saa mbili usiku, Uwamahoro alipokwisha kumeza dawa yake, wakaomba, kama kila siku. Nehemiya aliomba kama alivyofundishwa na baba yake, akiwataja watu wa nyumba mmoja mmoja: "Mungu wa Ibrahimu, uangalie mama yangu Mukakalisa, na Kalisa, na Uwera, na Gisa, na siye batumishi bako." Uwamahoro, aliyekuwa amefumba macho, akayafumbua. Mukakalisa. Kalisa. Uwera. Ilikuwa ile ile kamba, shanga moja ikishikilia nyingine, na kila aliyeitika alikuwa ndiye anayemwita wa pili yake. Yeye na mumewe hawakuwahi kuitwa kwa sababu katika sala hawakuwa na majina. Nje, ukutani, upande wa pili wa udongo mwembamba, harufu ya kibuyu ilikuwa nzito kama kwamba kuna mtu amekaa pale na sikio lake, kila usiku, miezi na miezi, akijifunza mpango wa nyumba yao kutoka kinywani mwa mwenye nyumba.

"Papa Kalisa," alinong'ona, "inatusikilizaka tukiomba. Inafuata namna unabataja."

Nehemiya alielewa papo hapo. "Basi nisibataje tena."

"Imeshajua. Kesho ni Gisa." Akamvuta karibu, mdomo sikioni. "Tuweke mwengine mbele ya Gisa. Mutoto asiyekuwa. Aitwe, akose wa kuitika, ikwame palepale."

"Niseme bongo? Uongo mbele ya Mungu?"

"Wewe mwenyewe uliitwa nani ulipokuwa mutoto, mbele ya kutembea?"

Nehemiya alikumbuka. Bibi Mukakalisa alikuwa amezika watoto wawili kabla yake, na alipozaliwa yeye wakamwita Kabwa, kijibwa, ili kifo kikija kukagua watoto kione mbwa kipite. Ndiyo desturi ya kwao, na ndiyo iliyomfikisha kwenye ndevu.

"Aitwe Ntawe," alisema Uwamahoro. Kwa lugha yao maana yake ni hakuna mtu.

Wakaomba upya, kwa sauti ya kusikika hadi nje, mara saba. "...na Uwera, na Ntawe, na Gisa." Wakatandika mkeka mdogo kati ya Uwera na Gisa. Wakaweka bakuli la bati lenye ugali kidogo. Usiku ule Uwamahoro hakulala, na saa mbili asubuhi ilipofika alikuwa amemkumbatia Gisa, kiganja juu ya mdomo wa mtoto.

Kutoka mahindini ikaja sauti ya Uwera.

"Ntawe!"

Kuku walikuwa wanaparua uani. Uwera mwenyewe alikuwa ameketi karibu na bibi, mdomo kimya.

"Ntawe! ... Ntawe!"

Iliita mpaka mchana, ikiwa na hasira, kisha ikiwa na kubembeleza, kisha kama mtu aliyepotewa. Jina la Gisa haikulifikia. Uwamahoro alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio, na Nehemiya akamwekea mkono begani mbele ya watu, jambo ambalo waume wa kwao hawalifanyi.

Baada ya mwezi bibi alipata mnong'ono, kisha sauti. Kalisa aliongea siku ya kuvuna. Uwera peke yake ndiye aliyebaki kunong'ona, kwa sababu sauti yake ilikuwa bado kule nje, ikiita kila saa mbili, kidogo kidogo, mpaka wakaizoea kama watu wanavyozoea mbwa wa jirani.

Hivyo ndivyo walivyoishi miaka mitatu. Uwamahoro hakujificha tena. Saa mbili alimeza dawa yake uani, na saa mbili usiku alihakikisha Ntawe ametajwa. Hakuruka hata siku moja.

Lakini mimi ningekuwa mle ndani ningeingiwa na wasiwasi mapema zaidi. Gisa alikua na Ntawe. Alimwachia nafasi kwenye mkeka, alimsimulia mambo ya shule, akiulizwa yuko na ndugu wangapi alisema watatu. Mama yake alimfundisha kutomwitikia bibi, wala Kalisa, wala Uwera, wala hata baba na mama, kama haoni mdomo ukitikisika. Kumbe hapohapo alimfundisha pia kumpenda kaka yake Ntawe, amkaribishe chakula, amtakie usiku mwema, kwa maana uongo usiopendwa hauaminiki. Bibi alimshonea kaptula. Walipokuja watu wa kuhesabu wakimbizi, Kalisa, kijana mzima, alisema watoto wanne, akajikosoa baada ya muda. Hata Uwamahoro siku moja alikata boga vipande vinne vya watoto, akavipanga, akapaka chumvi, na hakugutuka mpaka alipokuwa anamtafuta wa nne kwa macho. Alitazama kucha zake nyeusi. Akakumbuka picha ya nne ukutani kwa Goretti. Kisha akakitia kile kipande cha nne bakulini, kwa sababu angefanya nini?

Nehemiya peke yake hakumzoea. Kila usiku alilitamka jina lile kama mtu anayemeza mwiba.

Oktoba ya mwaka 2014 Uwamahoro alikwenda Mbarara, na wakati wa kurudi mvua ikakata barabara. Gari lililala Kaberebere, naye ndani yake. Saa moja usiku alipiga simu.

"Papa Kalisa, usisahau Ntawe mu maombi!"

"Nimesikia."

Alisikia, simu haikuwa mbaya. Lakini alikuwa amechoka. Miaka mitatu ya kumwambia Mungu uongo usoni, na Jumapili ile Pasta Gervais alikuwa amehubiri juu ya shahidi wa uongo, na mkewe hayupo wa kumtazama. Akapiga magoti, akaomba kama baba yake. Mukakalisa. Kalisa. Uwera. Gisa. "Mungu, wewe unajua hesabu ya batoto bangu," alimalizia, na akalala usingizi mzito kama mtu aliyetua mzigo.

Asubuhi Uwamahoro alifika kwa pikipiki, matope hadi magotini. Hata hajashuka akasikia mtu anapiga kelele.

"Mama! Mama anarudi!"

Alikuwa Uwera. Uwera anapiga kelele! Sauti nzima, nene, ya msichana wa miaka kumi na mitatu, iliyokuwa haijasikika tangu siku ya dumu. Uwamahoro alimkumbatia, akamshika mashavu, akamwambia sema tena, sema chochote, na mtoto akasema tena, na wote wawili wakalia pale njiani mbele ya mwenye pikipiki. Ilikuwa furaha ya kweli. Mtu akinyang'anywa kitu miaka mitatu, kikirudi haulizi kimerudi kwa sababu gani.

Nehemiya alikuwa amesimama uani, kifua mbele. "Jana sikumutaja," alisema. "Nilisema kweli tupu mbele ya Mungu. Na mutoto amepona. Unaona, Mama Kalisa?"

Uwamahoro alimtazama mumewe, akamtazama Uwera, akajilazimisha kutabasamu. Bibi alikuwa mlangoni na ungo wake. Kalisa alikuwa anakamua. Gisa alikuwa kule mwisho wa uwanja, karibu na mahindi, anakung'uta mikeka. Ikawa saa mbili kasoro kidogo. Akatoa kidonge, akainama kuchukua kikombe cha maji kando ya mafiga, na hapo kando ya kikombe palikuwa na bakuli la Ntawe.

Lilikuwa limerambwa. Kila siku kuku ndio waliolimaliza, wakaacha alama za midomo yao na uchafu. Leo lilikuwa safi, linang'aa, limefunikwa vizuri kichwa chini kama mtoto aliyelelewa anavyofunika bakuli lake. Nalo lilinuka moshi wa kibuyu.

"Gisa," aliita, "nani alikula?"

Gisa aliinua uso kwanza, akahakikisha mdomo wa mama yake unatikisika, kama alivyofundishwa.

"Mwenyewe, Mama."

"Mwenyewe nani?"

"Ntawe. Jana usiku, tulipomaliza kuomba, sauti ya Uwera ilimuita mu mahindi, na akaitika. Alisema karame." Mtoto alitabasamu. "Ana sauti ya muzuri!"

Kikombe kilimtoka Uwamahoro mkononi. Alitazama midomo ya watu wake wote, mmoja baada ya mwingine, ya Nehemiya, ya bibi, ya Kalisa aliyekuwa ameinuka kutoka chini ya ng'ombe, ya Uwera aliyekuwa na sauti yake yote kwa sababu sauti ile haikuhitajika tena kule nje, na midomo yote ilikuwa imefumba, wakati kutoka mahindini, karibu sana, hatua tatu kutoka aliposimama Gisa na mkeka wake, ilipokuja sauti ya mvulana ambaye hakuzaliwa na mtu yeyote, safi, changamfu, sauti ya kaka.

"Gisa!"

Alikimbia. Alikimbia huku anapiga ukelele usio na maneno, na Nehemiya akakimbia nyuma yake, na uwanja ule mdogo ambao siku zote aliuvuka kwa hatua ishirini ukawa mrefu, maana kati ya sauti zote alizomkataza mtoto, ya bibi na ya Kalisa na ya Uwera na ya baba na ya kwake mwenyewe, hii ya Ntawe hawakuwahi kuitaja kwa jina hata mara moja.

Gisa aligeuka kuelekea mahindini, akafungua kinywa. Alikuwa mtoto mwenye adabu.